Mkimbizi, mstaafu na dola 2,470: uchambuzi wa ugomvi mmoja wa grupu

Kisa hiki, cha picha iliyodai kuwa mkimbizi hupewa dola 2,470 za Kanada kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya mstaafu, kilitokea kwenye grupu la WhatsApp la watu wanaozungumza Kiswahili katika mji mmoja wa kusini mwa Ontario, Kanada, wakati wa kampeni za uchaguzi mkuu wa Aprili 2025. Kazi yangu ni kuwasaidia wageni na wazee kujaza fomu za serikali, na niliitwa ugomvi ulipofika siku ya tatu. Wahusika wakuu wamekubali niuandike. Nimeondoa majina, mji na baadhi ya mambo ya familia ili wasitambulike. Nitawaita Mzee, Mama, Kijana na Admini.

Usuli

Grupu lilianzishwa kwa ajili ya misiba. Mtu akifiwa, tangazo linawekwa, michango inakusanywa, na inajulikana nani atapika na nani atakwenda kupokea ndugu uwanja wa ndege. Baadaye zikaongezeka harusi, vyumba vya kupanga, nafasi za kazi viwandani na wauza unga wa muhogo. Wanachama ni wa aina mbili, ingawa hakuna aliyekuwa akilisema hilo waziwazi. Wapo Wakenya na Watanzania waliofika miaka ya 1990 na 2000 kwa masomo au kwa kufuata ndugu, wengi wao sasa ni raia na baadhi wamestaafu. Halafu wapo Wakongo na Warundi walioletwa na mpango wa kuwahamisha wakimbizi, waliokaa miaka mingi kwenye kambi za Nyarugusu, Tanzania, au Kakuma, Kenya, kabla ya kupanda ndege.

Kulikuwa na sheria moja: hakuna siasa. Kila mtu aliielewa kuwa ni siasa za nyumbani, yaani uchaguzi wa Kenya, vita vya Kivu, mambo ya Bujumbura. Siasa za Kanada hazikuwa zimefikiriwa kabisa. Picha ya bei ya petroli ikitumwa na maneno makali dhidi ya serikali kuu ya Ottawa, ilihesabiwa kuwa habari tu. Naona hapo ndipo mlango ulipoachwa wazi.

Hali ya nchi nayo ilikuwa imebadilika. Idadi ya watu Kanada ilivuka milioni 40 mwezi Juni 2023, kodi za nyumba zilikuwa juu, na majira ya joto ya mwaka huo waomba hifadhi kutoka Afrika walilala kando ya barabara nje ya ofisi ya mapokezi ya 129 Peter Street, Toronto, kwa sababu jiji na serikali kuu walikuwa wakibishana nani alipie vitanda. Oktoba 2024 serikali ya waziri mkuu Justin Trudeau, wa chama cha Liberals, ilipunguza idadi ya wakazi wapya wa kudumu iliyopangwa kwa mwaka 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000. Mark Carney wa chama hichohicho aliapishwa kuwa waziri mkuu tarehe 14 Machi 2025, na tarehe 23 mwezi huohuo akaitisha uchaguzi wa tarehe 28 Aprili. Kampeni yenyewe ilitawaliwa na ushuru wa Donald Trump, lakini kwenye simu za watu suala la wageni halikuwa limeondoka.

Kilichotokea

Jumamosi moja jioni, mapema Aprili, Mzee alifowadi picha. Ilikuwa na bendera ya Kanada juu na maandishi ya Kiingereza chini yake: mkimbizi hupewa dola 1,890 kwa mwezi, anaongezewa 580 za msaada, jumla 2,470, mstaafu aliyeijenga nchi hupewa 1,012. Juu ya picha kulikuwa na vile vishale viwili vinavyoonyesha kuwa ujumbe umesambazwa mara nyingi. Mzee aliongeza maneno yake: "Someni wenyewe. Sisi tumefanya kazi hapa karibu miaka thelathini."

Mzee ana miaka 71. Ni mgane, mtu wa watu, na ndiye huomba dua ya mwisho kwenye misiba. Kwa hiyo waliojibu mwanzoni walijibu kwa heshima: vidole gumba, "kweli tupu Mzee wangu", "hii nchi imetusahau". Ndipo mwanachama mmoja akaandika: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Mama, mmoja wa Wakongo walioletwa na ule mpango wa wakimbizi, alijibu kwa ujumbe wa sauti, taratibu, bila kupaza sauti. "Shikamoo Mzee. Jembe ninalo. Ninaingia kazini saa nne usiku, ninatoka asubuhi, watoto wanaenda shule sijalala. Nilikuja na deni ya ndege. Hakuna mutu alinipatia franga za bure." Akatuma picha ya barua inayodai marejesho ya mkopo wa nauli, jina lake amelifunika kwa kidole gumba. Mwezi, kiasi, salio. Walioijua barua ile waliitambua mara moja. Wengi wa wale wengine hawakuwahi kujua kuwa kuna mkimbizi anayelipa nauli yake.

Ujumbe huo ungeweza kuutuliza mjadala. Lakini dakika chache baadaye mtu mwingine alichimbua sauti ya zamani ya Mama, ya miezi kadhaa nyuma, ambapo alikuwa akimweleza mgeni mwenzake kwa furaha kwamba "serikali ya huku inakusaidia kulea watoto, ile pesa ni nyingi". Akairudisha grupuni bila neno lolote. Kuanzia hapo hakuna aliyekuwa akizungumzia picha tena. Waliyekuwa wakimzungumzia ni Mama. Ana watoto wangapi? Anapokea kiasi gani? Mbona ana gari? Mmoja akaandika kuwa "hao ndio watakaowapa Liberals kura waendelee kulishwa", mwingine akamjibu kwamba wazee wenye roho mbaya ndio watakaomweka Pierre Poilievre, kiongozi wa chama cha upinzani cha Conservatives, madarakani.

Kijana, mwanafunzi wa chuo aliyezaliwa Mombasa na kukulia Ontario, aliweka linki ya tovuti ya idara ya uhamiaji inayokanusha dai lile. Aliandika: "Mzee, heshima yako, lakini hii ni uongo wa tangu kitambo." Mzee alijibu: "Mwanangu, serikali ijisemee nini nyingine?"

Karibu saa sita usiku Admini alifuta picha na kufunga grupu, wasimamizi pekee ndio waweze kuandika. Asubuhi Mama alikuwa ameshatoka. Wanawake wengine wa Kongo walimfuata siku hiyo na iliyofuata.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Admini alikuwa na sababu nzito. Kulikuwa na msiba uliotangazwa Ijumaa na michango ilikuwa haijatimia. Aliogopa pesa za mazishi zisije zikapotelea ndani ya matusi. Alifunga ili kuulinda msiba. Alifuta picha kwa sababu aliamini kuwa kitu kisichoonekana hakigombewi. Uamuzi wa kwanza namuunga mkono mpaka leo. Wa pili ulileta madhara, nitaueleza chini.

Kijana alichagua kuleta ukanusho rasmi kwa sababu shuleni ndivyo alivyofundishwa: dai la uongo hujibiwa kwa chanzo cha kuaminika. Alikuwa sahihi kwa kila kitu alichokisema. Alijaribu pia kutafuta taarifa ya gazeti kwenye Facebook ili Mzee aione mahali anapopazoea, asipate kitu. Tangu Agosti 2023 Meta imezuia habari za vyombo vya habari kuonekana kwenye Facebook na Instagram nchini Kanada, ikiipinga sheria ya habari za mtandaoni iliyopitishwa Juni mwaka huohuo. Linki za magazeti zimetoweka huko, skrinshoti zimebaki. Mzee husoma Facebook kila asubuhi, na gazeti hukutana nalo kwa nadra.

Siku ya tatu Kijana alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye. Alimpigia Mzee simu, akamsalimia, akakaa naye kwenye mazungumzo ya kawaida, kisha akamuuliza: "Kwani wewe, Mzee, unapata ngapi?" Mzee alimtumia picha ya ukurasa wa benki. Pensheni zake mbili kwa pamoja zilikuwa kidogo tu kupita dola elfu moja. Kijana aliitazama akaona ni karibu ileile 1,012 ya kwenye picha, akanipigia mimi.

Mimi niliamua mambo mawili. La kwanza, sitaingia grupuni kusahihisha. Kule kila jibu lilikuwa linasomwa na mamia ya watu, na mzee wa heshima hawezi kurudi nyuma mbele ya hadhira ya namna hiyo. La pili, nisizungumzie kura kabisa mpaka karatasi za Mzee zimesomwa. Nilimwomba aje na barua zote alizopokea kutoka serikalini tangu mwaka uliotangulia. Alikuja na mfuko wa plastiki, nyingi zikiwa hazijafunguliwa. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akishughulikia makaratasi.

Yaliyokuwa ndani ya mfuko

Nieleze hapa jinsi pensheni ya uzee inavyofanya kazi Kanada, kwa sababu ndiyo kiini cha kisa.

Kuna malipo ya msingi ambayo kila mtu huku huyaita OAS. Yanaanza ukifikisha miaka 65, ukiwa umeishi Kanada angalau miaka 10 baada ya kutimiza 18. Ili upate yote, unatakiwa uwe umeishi miaka 40. Ukiwa na pungufu, unapata sehemu ya arobaini kwa kila mwaka. Mzee alifika akiwa na miaka 43, kwa hiyo alipofikisha 65 alikuwa na miaka 22, akapewa 22 ya 40. Robo ya kwanza ya 2025, OAS kamili kwa mtu wa miaka 65 hadi 74 ilikuwa dola 727.67 kwa mwezi. Sehemu ya Mzee ilikuwa kama dola 400. Juu yake kuna pensheni ya michango ya kazi, CPP, iliyomfikisha kwenye elfu na ushee.

Lakini kuna la tatu, GIS, nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo. Kwa mtu anayeishi bila mwenza kiwango chake cha juu wakati huo kilikuwa dola 1,086.88, na mwenye OAS pungufu huongezewa zaidi ili kuziba pengo. Mzee alikuwa akiipata. Kila Julai GIS huhesabiwa upya kwa kutumia fomu ya kodi ya mwaka uliopita. Asiyejaza kodi na asiyejibu barua, malipo husimama. Mzee hakujaza, kwa kuwa aliamini asiye na kazi hana cha kujaza. Julai 2024 GIS yake ilikatika. Barua ya kumwarifu ilikuwa mfukoni, haijafunguliwa.

Kwa hiyo picha ile ilipomfikia Aprili, alikuwa ameishi miezi tisa kwa kipato kilichopungua sana bila kujua sababu. Tarakimu yake mwenyewe ilikuwa imeandikwa pale. Nani angemwambia ni uongo akamwamini?

Matokeo

Tulijaza fomu zake za kodi kwenye kliniki ya bure ya watu wanaojitolea, ambazo hufanyika Machi na Aprili karibu kila mji. GIS ilirudi majira ya joto, pamoja na malimbikizo ya miezi iliyopita. Mzee hakuomba radhi grupuni. Alichoandika ni hiki: "Wazee wenzangu, nani hajajaza kodi? Njooni niwapeleke." Walijitokeza wazee kadhaa, na wawili kati yao walikuwa na tatizo lilelile.

Kwa Mama mambo hayakuwa hivyo. Admini alimwandikia, Mzee alimpigia simu akamwita binti yangu, naye aliwajibu wote kwa adabu. Hakurudi. Wanawake wa Kongo walifungua grupu lao, na msiba uliofuata ulikuwa na michango ya mikono miwili isiyojuana. Aliponiruhusu kuandika haya alisema jambo moja: picha haikumuumiza, kwa kuwa maneno ya namna ile ameyasikia hata kambini. Kilichomuumiza ni sauti yake kuchimbuliwa na watu aliowapikia.

Aliyeirudisha sauti ile hakuulizwa chochote na yeyote. Naliandika hili kwa sababu naliona kuwa dosari kubwa kuliko zote katika namna kisa kilivyoshughulikiwa, na mpaka leo halijarekebishwa.

Uchambuzi: uongo uliojengwa juu ya nini?

Dai la picha ni la zamani kuliko simu iliyolibeba. Lilianzia kwenye barua ya msomaji iliyochapishwa na gazeti moja la Toronto mwaka 2004, ambayo ilichukua pesa za mara moja za kuanzia maisha na kuzihesabu kama za kila mwezi. Likazunguka kwa barua pepe chini ya serikali za Liberals, likazunguka chini ya Stephen Harper wa Conservatives, likarudi chini ya Trudeau. Dola 1,012 inalingana na OAS na GIS za wakati ule. Mwaka 2025 mzee anayeishi peke yake bila kipato kingine, mwenye malipo kamili, alikuwa na haki ya takribani dola 1,800. Picha iliganda miaka ishirini nyuma na hakuna aliyegundua, kwa sababu pesa za mstaafu na za mkimbizi ni mambo ambayo watu hawaulizani.

Upande wa mkimbizi, neno lenyewe linafunika watu watatu tofauti. Yupo aliyeletwa na serikali, kama Mama. Huyo hupewa malipo ya kuanzia mara moja, kisha msaada wa kila mwezi kwa kawaida usiozidi miezi 12, kwa viwango vinavyofuata msaada wa jamii wa mkoa. Ontario, mwaka 2025, mtu mmoja kwenye msaada wa jamii alipata hadi dola 733 kwa mwezi, chakula na kodi ya nyumba humohumo, kiwango ambacho kilikuwa hakijapanda tangu 2018. Yupo aliyedhaminiwa na kanisa au kikundi cha raia, ambaye gharama zake hubebwa na wadhamini wake. Na yupo aliyefika mwenyewe akaomba hifadhi, ambaye hayumo kabisa kwenye mpango wa msaada wa wanaoletwa na serikali. Hakuna hata mmoja kati yao anayepokea zile 1,890 na 580. Mkopo wa nauli nao ni wa kweli. Tangu 2018 hauna riba, lakini hulipwa.

Sasa lile ambalo Kijana hakuliona, na ambalo ukanusho rasmi haulisemi vizuri. Mama alisema kweli kwamba pesa ya watoto ni nyingi. Kuanzia Julai 2024 hadi Juni 2025, malipo ya juu kabisa ya watoto yalikuwa dola 7,787 kwa mwaka kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 na dola 6,570 kwa mwenye miaka 6 hadi 17. Chukua familia yenye kipato cha chini na watoto watano wa umri wa shule: ni dola 32,850 kwa mwaka, zaidi ya 2,700 kwa mwezi. Imezidi hata tarakimu ya picha. Jirani anayeona pesa hiyo ikiingia, au anayeisikia kwenye ujumbe wa sauti, ameshapata ushahidi wake.

Ila pesa hiyo si ya ukimbizi. Ndiyo anayoipata mama wa Kikanada wa Sudbury mwenye watoto watano na kipato hichohicho. Binti yake Mzee mwenyewe, mwenye watoto wawili, huipokea kila mwezi tarehe ya ishirini hivi. Laiti mtu mmoja angeuliza siku ile "pesa ya nini, kwa nani, kwa muda gani?", sauti ya Mama isingekuwa silaha. Linki ya Kijana ilijibu kuwa 2,470 ni uongo. Watu walikuwa wameona kwa macho yao kitu kinachofanana nayo, kwa hiyo jibu likaonekana kama kufichwa kwa jambo. Ukanusho usioeleza kile ambacho watu wamekiona hauwafikii, hata ukiwa sahihi kila neno.

Uchambuzi: kufuta, kufunga, kupiga simu

Kufunga grupu kulifaa. Msiba ulikamilika, na usiku ule hakuna tusi jingine lililotoka. Kufuta picha kulikuwa na athari ya kinyume. Kulipokucha picha ilikuwa inasambazwa kwa mtu mmojammoja ikiwa na maneno mapya: "wameifuta kwa sababu ni kweli." Grupuni angalau ilikuwa imezungukwa na barua ya Mama na linki ya Kijana. Huko ilikokwenda ilifika peke yake. Kama kitu kilistahili kufutwa usiku ule, ni ile sauti ya Mama, maana ilichukuliwa kutoka mazungumzo ya nia njema ikageuzwa kuwa hati ya mashtaka. Ilibaki.

Simu ya Kijana ndiyo iliyozaa matunda, na sababu zake si za ajabu. Alimtoa Mzee mbele ya watu. Alimwita kwa heshima yake. Na badala ya kuuliza "umeitoa wapi hii?", swali ambalo kila mtu husikia kama kesi, alimuuliza kuhusu maisha yake. Mzee hakuwa akieneza chuki kwa kupenda. Alikuwa mtu aliyekatiwa kipato, akatafuta maelezo, akapata maelezo ya kwanza yaliyomfikia. Hilo halifuti maumivu ya Mama. Linaeleza tu kwa nini njia iliyofanya kazi ilipitia kwenye mfuko wa barua.

Kuhusu kura, grupu zima lilikosea kwa saa kadhaa kabla dada mmoja kueleza asubuhi yake kwamba katika uchaguzi mkuu wa Kanada ni raia wenye miaka 18 na zaidi tu wanaopiga kura. Mama alikuwa mkazi wa kudumu, bado hajatimiza siku 1,095 za kuishi nchini zinazotakiwa kabla ya kuomba uraia. Aliyeshutumiwa kwa kura yake hakuwa na kura.

Uchambuzi: siasa iliyokuwa inafaa kubishaniwa

Wakati grupu linagombana kuhusu picha ya 2004, kulikuwa na mabishano halisi ya kisiasa yaliyomhusu Mzee moja kwa moja. Julai 2022 serikali ilipandisha OAS kwa asilimia 10, lakini kwa wenye miaka 75 na zaidi pekee. Mzee wa miaka 71 aliachwa nje. Mwaka 2024 Bloc Québécois, chama cha mkoa wa Québec, waliidai serikali ya Trudeau iongeze kiasi hichohicho kwa wenye 65 hadi 74, Bunge likapitisha hoja ya kuunga mkono, serikali haikutekeleza. Kwenye kampeni yenyewe, Liberals waliahidi kupandisha GIS kwa asilimia 5 kwa mwaka mmoja, na Conservatives waliahidi kuwa mzee anayefanya kazi angeweza kuingiza hadi dola 34,000 bila kutozwa kodi. Hayo ni mambo ya kubishania mpaka usiku wa manane, na mtu mwenye akili timamu anaweza kusimama upande wowote. Hakuna hata moja lililotajwa grupuni.

Mambo ya wakimbizi nayo yana mabishano yake ya kweli. Serikali ya Harper ilipunguza bima ya afya ya wakimbizi mwaka 2012, Mahakama ya Shirikisho ikasema mwaka 2014 kwamba hatua hiyo ni ukatili, na serikali ya Trudeau ikairudisha mwaka 2016. Mtu anaweza kuuliza ni wangapi wapokewe, walale wapi, nani alipe kati ya jiji, mkoa na Ottawa. Sioni ubaya wa Mzee kuuliza hayo, na ningependa ayaulize.

Baada ya uchaguzi Admini alibadilisha sheria. Siasa za Kanada zinaruhusiwa, ila anayeweka tarakimu ya malipo ataje ni malipo gani na nani anastahili, na ni marufuku kurudisha sauti ya mtu ya zamani bila ridhaa yake. Itapimwa kwenye uchaguzi wa miji ya Ontario wa Oktoba 2026.

Kuna hesabu moja niliyoifanya na Mzee mezani, na baadaye nikamwonyesha Mama kwa simu. Mama alifika Kanada akiwa na miaka 38. Akibaki, atafikisha 65 akiwa na miaka 27 ya kuishi nchini, na OAS yake itakuwa 27 ya 40. Atakuwa mstaafu wa malipo pungufu, kama Mzee, na GIS yake itakatika Julai asipojaza kodi. Mzee aliandika barua kwa ofisi ya mbunge wake kuhusu kanuni ya miaka 40 na lile pengo la asilimia 10. Mama hakurudi grupuni, lakini barua hiyo aliiomba, na jina lake aliliandika chini ya la Mzee.